Kopo la Mbwa Mzee

Mbwa mzee halalamiki. Huchelewa tu kuinuka. Simba wangu, mbwa aina ya German Shepherd mwenye miaka 11, huanza na miguu ya mbele, hutulia, kisha huvuta kiuno kama mtu anayenyanyua gunia. Anayenunua virutubisho vya viungo bila kuutazama mwinuko huo wa asubuhi hatajua kama vimesaidia. Mrekodi kwa simu kabla hujafungua kopo.

Kisha geuza kopo. Mbele wameweka picha ya mbwa anayeruka. Ya kusomwa yako nyuma. Kopo la kuaminika hutaja kila kilichomo na miligramu zake kwa kila kidonge. Likiandika “mchanganyiko maalumu” na uzito wa jumla tu, lirudishe kwenye rafu. Niliwahi kununua la namna hiyo, nikampa Simba miezi miwili, na hadi leo sijui alikula nini.

Mafuta ya samaki ndiyo yanayotaka jicho kali, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko virutubisho vingine. Maandishi makubwa yatakuambia miligramu 1,000. Hayo ni mafuta yote. Kinachopunguza uvimbe wa viungo ni EPA na DHA, asidi mbili za omega-3 zilizomo ndani yake, na kidonge cha kawaida kina 180 za EPA na 120 za DHA, jumla 300. Kipimo kinachotajwa sana kwa baridi yabisi ya mbwa ni karibu miligramu 100 za hizo mbili kwa kila kilo ya mwili, kwa siku. Mbwa wa kilo 30 atahitaji vidonge 10! Hapo chupa ya bei rahisi huwa ghali kuliko jirani yake. Anza kidogo kidogo, daktari wa mifugo akikuongoza, maana mafuta mengi kwa ghafla humharisha. Toboa kidonge kimoja kwa sindano unuse: mafuta mazima hunukia samaki kwa mbali, yakikunjisha uso kama kikaango cha juzi, yameharibika. Na mafuta ya ini la samaki si mbadala, kwani vitamini A na D zilizomo zikizidi humdhuru.

Glukosamini ya magamba ya kamba na kondroitini ya gegedu za ng’ombe zinajulikana kuliko zote, lakini majaribio kwa mbwa yametoa majibu dhaifu na yanayopingana. Sitazilipia bei ya mafuta. Muhuri wa NASC, baraza la virutubisho vya wanyama, kwenye kopo la Marekani huonyesha kwamba mtengenezaji amekaguliwa, si kwamba dawa inatibu. Vidonge vya kutafuna vya binadamu vikague kama vina ksilitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Na dawa ya maumivu ya binadamu, ibuprofen, usimpe kamwe.

Kabla ya yote hayo, mpime uzito. Marekani walifuatilia Labrador 48 maisha yao yote, wakachapisha matokeo mwaka 2002: waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Pitisha viganja ubavuni. Mbavu zihesabike bila kubonyeza. Za Simba nilizikuta zimezama kwenye mafuta, na chapati za jioni zikakoma siku hiyo.

Baada ya wiki 8 rekodi tena, saa ile ile, sakafu ile ile, ukaziweke video mbili pamoja na kutazama kiuno tu.