Kamba Inayooza

Mwaridi wa kutambaa haujui kujishika. Mpesheni una vikono vyake, maharage hujizungusha kwenye kijiti bila kuombwa, lakini mwaridi umepewa miiba tu. Porini miiba hiyo inatosha: tawi hujitupa juu ya kichaka, likanasa, likapanda. Ukutani haifai kitu. Hapo lazima aje mtu na kamba, na namna mtu huyo anavyofunga ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Lushoto, kwenye baridi ile ya Usambara inayomvisha sweta mtu wa Tanga hata mchana, nilikaa asubuhi nzima nikimtazama mzee mmoja akifunga mwaridi kwenye ukuta wa nyumba anayotunza bustani yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, maana mikono yake ilikuwa imeshika tawi. Masika yalikuwa yamekwisha, na machipukizi yamefika umri anaoutaka: si yale mekundu, mororo, yanayokatika kwa kuguswa, wala si yale ya miaka iliyopita yaliyokwisha kuwa kuni. Aliliinamisha tawi taratibu, akatulia, akaliinamisha tena, mpaka likakaribia kulala sambamba na ardhi. Tawi lililogoma hakushindana nalo. Aliliacha, akalirudia jua lilipokwisha kulipasha.

Asiyejua atadhani mzee anauonea mti. Kumbe tawi likiachwa lisimame wima, ncha yake huyazuia macho yaliyo chini yasiamke. Maua yote hutoka juu ya paa, wakayafaidi kunguru na jirani wa ghorofani, nawe mwenye nyumba ukabaki na mashina matupu mlangoni. Likilazwa, amri ya ncha hulegea. Kila jicho ubavuni mwa tawi huamka, likatoa kitawi chake kwenda juu, na kila kitawi kikabeba maua. Ukuta uliojaa waridi kutoka magotini hadi dirishani umejazwa na mkono wa mtu. Mbolea peke yake haifanyi hivyo.

Lakini nilichokwenda nacho nyumbani ni ile kamba. Pembeni ya mzee palikuwa na ndoo ya maji, na ndani yake kanda za ganda kavu la mgomba, zimelowekwa tangu jana zikawa laini kama ngozi ya mkoba wa zamani. Alichukua ukanda mmoja, akauzungusha kwanza kwenye waya uliopita ukutani, akaupishanisha, ndipo akauleta kulizunguka tawi, ikawa nambari nane. Ule msokoto wa katikati ndio unaolitenga gome na waya upepo unapovuma. Kabla ya kukaza fundo alitia kidole cha shahada kati ya kamba na tawi, akafunga juu ya kidole, kisha akakichomoa. Nafasi iliyobaki ni ya unene wa mwakani. Fundo lilikaa upande wa waya, na tawi likabaki mbele ya waya siku zote. Ukilipenyeza nyuma, litanenepa humo na hutalitoa tena ila kwa msumeno.

Kidole kile nimekikumbuka mara nyingi kuliko maua yenyewe. Hakuwa na rula wala kitabu. Alikuwa na kiungo cha mwili wake, nacho kilimwambia mti unahitaji nini mwaka ambao haujafika.

Nilimuuliza kwa nini asitafute kamba ya kudumu, maana ya mgomba huoza. "Mwanangu," akasema, "isipooza, kitu gani kitanirudisha hapa?" Akaendelea na kazi.

Nailoni haimrudishi mtu. Imefungwa, mfungaji kaenda zake, tawi linanenepa, kitanzi hakisogei. Kitanzi huzama ndani ya gome, tawi likavimba juu yake, halafu siku moja majani yote kuanzia hapo yananyauka, na mwenye nyumba anasema mwaridi umeingiwa na ugonjwa. Nimeyaona hayo kwenye mageti ya Arusha na kwenye kuta za Nairobi. Kuna hata wanaofunga kwa waya wa kufungia nondo, mabaki ya ujenzi, wameukaza kwa koleo kana kwamba mti ni nguzo ya zege. Sina neno la kistaarabu kwa watu hao.

Na hii nailoni imetudhulumu mara mbili. Chini ya milima hiyohiyo ya Usambara, kwenye tambarare za Korogwe na Muheza, ndiko katani ilikokuwa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yalienea mashamba yaliyotoa tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ya katani ikaporomoka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Wengine wanalilia mishahara iliyokwenda na mashamba hayo, na wana haki. Mimi nalilia kitu kidogo zaidi: uzi wa katani, unaoshika mwaridi vizuri kisha ukaoza kwa wakati wake.

Niliutafuta Tanga mjini. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alinisikiliza kwa adabu, akapanda ngazi, akashuka na bunda la nailoni ya bluu. "Hii haiozi, mzee wangu," akasema kwa fahari. "Ukifunga, umefunga." Nikainunua, nikafungia mzigo juu ya gari. Kwa kazi hiyo inafaa.