Kimya, Sauti na Msikilizaji: Uhakiki wa Riwaya ya Speak

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii ni onyo kwa wanaodhani kwamba asiyesema hana la kusema. Riwaya ya vijana iitwayo Speak, iliyoandikwa na Laurie Halse Anderson wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1999, yaweza kusomwa kama ufafanuzi mrefu wa onyo hilo. Jina lake ni kitenzi cha amri: Sema. Mara nyingi riwaya hii imeelezwa kuwa ni kisa cha msichana aliyepoteza sauti yake na kuipata tena. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni ya juujuu. Makala haya yanadai kwamba Melinda Sordino, mhusika mkuu, hapotezi sauti hata kwa ukurasa mmoja. Anachokikosa ni msikilizaji. Na tofauti hiyo ina uzito kwa yeyote atakayetaka kuitafsiri riwaya hii, au kutunga iliyo mfano wake, kwa Kiswahili.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Melinda anaanza masomo ya sekondari katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, huku akichukiwa na wenzake wote. Mwezi wa Agosti, katika karamu ya vijana, aliwapigia polisi simu. Karamu ikavunjika, naye akahesabiwa kuwa msaliti. Hakuna aliyemwuliza sababu. Ukweli, ambao msomaji anaupata kidogo kidogo, ni kwamba Melinda alibakwa na Andy Evans, kijana wa darasa la juu. Mwaka mzima wa masomo, ambao mtunzi ameugawa katika vipindi vinne vinavyofungwa kwa taarifa za maksi, binti huyu anazidi kupunguza maneno. Anajiuma midomo hadi inafanya vidonda, na anajificha katika stoo ya mfanyakazi wa usafi isiyotumika tena.

FANI YA KIMYA

Ubora wa kwanza wa riwaya hii uko katika usimulizi. Huyo ambaye wazazi na walimu wanamdhania bubu ndiye msimulizi, tena kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo. Ulimi wake ni mkali na umejaa kejeli: anawabandika walimu majina ya utani, na anayachambua makundi ya wanafunzi kama mtaalamu wa jamii. Katika baadhi ya mazungumzo mtunzi anaazima mpangilio wa tamthilia, yaani jina la msemaji likifuatwa na maneno yake. Zamu ya Melinda inapofika, msemaji anatajwa na nafasi ya maneno inaachwa tupu. Hivyo kimya kinapewa mahali pake juu ya karatasi, kikaonekana kwa macho. Msomaji, ambaye muda wote amekuwa akisikia mawazo yote ya Melinda, anajua nafasi ile ingejazwa na nini; waliosimama mbele ya Melinda hawajui. Hata jina la ukoo si la bure. Sordino ni istilahi ya muziki, kifaa kinachobanwa kwenye ala ili kuififisha sauti. Ala ya namna hiyo haijanyamaza. Inapigwa, ila mlio wake umezuiwa.

Ni nani basi anayezuia? Mtunzi hamtaji mmoja. Wazazi wanaachiana vikaratasi jikoni badala ya kuzungumza. Rafiki wa zamani anageuza uso. Mwalimu ambaye Melinda anamwita Bwana Shingo anamlazimisha kusoma mbele ya darasa insha yake juu ya wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Anapokataa, anatozwa maksi. Hapo David, mwanafunzi mwenzake, anamweleza kwamba wanawake wale walidai haki yao kwa kusema, na kwamba anayenyamaza anamwachia mwovu ushindi. Hoja hiyo ni sahihi, lakini bado ni amri ya mtu asiyejua kilichotokea. Anayefaa zaidi ni Bwana Freeman, mwalimu wa sanaa, ambaye anampa kazi ya mwaka mzima ya kuunda mti, kisha anasubiri.

Kilele halisi cha riwaya kimo chooni. Melinda anaandika ukutani jina la Andy Evans ili kuwaonya wasichana wengine wamwepuke. Anaporudi siku nyingine anakuta mikono mingi imeongeza ushuhuda wake chini ya jina lilelile. Maneno yake yamepata wasomaji, na wasomaji wamejibu.

Kwa bahati mbaya mtunzi hakutosheka na ukuta huo. Karibu na mwisho Andy anamvamia Melinda stooni. Melinda anapiga kelele, anavunja kioo na kumwekea kigae shingoni, na wasichana wa timu ya lacrosse wanafika. Huu ni ufundi wa hadithi za kusisimua, na maana yake inatia shaka: shule inamwamini Melinda kwa sababu safari hii kuna mashahidi. Msichana asiye na shahidi atafanyaje? Ukurasa wa mwisho unaiokoa riwaya kwa kiasi, kwani inakomea pale Melinda anapoanza kumsimulia Bwana Freeman, mtu aliyekuwa tayari kusikia tangu mwanzo.

ROSA NA MELINDA

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasoma haya asimkumbuke Rosa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, binti wa Ukerewe anapigwa vibaya na babaye, Zakaria, kwa ajili ya barua ya mvulana. Kipigo hicho kinamfunza woga bila kumfunza busara. Anapotoka nyumbani kwenda kusoma, anaangamia hatua kwa hatua hadi anajiua. Msimulizi wa Kezilahabi ni wa nafsi ya tatu, anayejua yote. Anamhurumia Rosa, lakini anasema kwa niaba yake. Shauri kati ya binti na baba linaletwa mbele ya Mungu baada ya wote wawili kufa, kana kwamba duniani hakukuwa na baraza la kulipokea. Hukumu hiyo juu ya jamii ni kali kuliko yoyote iliyomo katika Speak. Na jamii ziliwajibu watunzi wote wawili kwa namna moja: Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda huko Tanzania, na mwaka 2020 Speak ilikuwa ya nne katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi.

SWALI LA LUGHA

Melinda atasema kwa maneno gani katika Kiswahili? Magazeti ya Kenya huliita kosa alilotendewa mtoto unajisi. Neno hilo limetokana na najisi, na kusema kwamba msichana amenajisiwa ni kumtia uchafu yeye aliyekosewa. Wengine husema ameharibiwa, kama chombo. Kubaka angalau huelekeza macho kwa mtendaji. Mfasiri atakayechagua bila kufikiri atakuwa ameirudisha aibu pale ambapo riwaya nzima inajitahidi kuiondoa.

Upande mwingine, sarufi ya Kiswahili ina hazina ambayo Kiingereza hakina. Kwa muda mrefu Melinda hamtaji Andy kwa jina. Anatumia kiwakilishi cha Kiingereza kisichotumiwa kwa watu. Katika Kiingereza dharau hiyo inaishia kwenye neno moja. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli ungeibeba sentensi yote: lile linapita, linanitazama, limecheka. Umbo la LI- lingelifanya dude la kutisha. Umbo la KI- lingelifanya kijidude cha kudharauliwa. Mfasiri stadi angeweza kuuonyesha ukuaji wa Melinda kwa kuhama kutoka LI- hadi KI-, na hatimaye hadi A-, siku anapolitaja jina na kumshtaki kama mtu anayepaswa kujibu.

Waandishi wa hadithi za vijana wa Afrika Mashariki hawahitaji kuiga shule ya Syracuse. Kinachofaa kuigwa ni ujasiri wa kumwachia msichana usimulizi, na kuuzuia ulimi wa msimulizi mjuzi ambaye humaliza kila sura kwa nasaha. Kwa muda mrefu msichana wa hadithi zetu ameambiwa ajisitiri, na sasa anaambiwa aseme. Amri zote mbili zinaelekezwa kwake peke yake. Speak inafaa kufundishwa kwa sababu inaonyesha kwamba amri iliyotangulia kukosekana ni ya wingi, nayo ni sikilizeni.