Onyo Lilisema Upepo

Usiku wa Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, mwezi ulikuwa nusu. Mvuvi wa Beira akiuona mwezi wa namna hiyo anajua bahari iko kwenye maji mafu: haijai sana, haipwi sana. Katika bandari hiyo ya Msumbiji tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 6, na sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya kinamasi, karibu sawa na bahari. Kimbunga Idai kiliingia usiku huo. Kingechelewa juma moja kingeukuta mwezi mpevu wa tarehe 21 pamoja na bamvua lake, na bahari ingeingia mitaani kama mwenye nyumba.

Naanza na mwezi kwa sababu Idai husimuliwa kama habari ya upepo. Upepo ulikuwepo, hakuna abishaye. Uliezua hospitali kuu ya Beira, ukaangusha minara ya simu, ukazima umeme. Msalaba Mwekundu ulikadiria kwamba asilimia 90 ya mji na viunga vyake imeharibika. Lakini Msumbiji ilipoteza zaidi ya watu 600, na pigo kubwa lilikuja baada ya upepo kupita, tena lilitoka bara wala si baharini.

Onyo lilikuwepo. Msumbiji ina utaratibu wa bendera ambao hata asiyejua kusoma anauelewa: ya buluu kimbunga kikiwa mwendo wa siku moja hadi mbili, ya njano kikiwa ndani ya saa 24, nyekundu zikisalia saa zisizozidi sita. Zimebuniwa kujibu swali moja tu, upepo utafika lini. Na kinga ya upepo ni kuingia ndani, kufunga milango, kukaa mbali na bati linaloruka. Kinga ya mafuriko ni kinyume chake kabisa: kutoka, na kupanda juu mapema. Mtu aliyetii amri ya kwanza barabara amejiweka pabaya kwa ile ya pili. Hapo ndipo ninapouona ufa wa jambo zima, na sioni haki ya kuwalaumu wanakijiji kwamba hawakusikia.

Wilaya ya Buzi, ng'ambo ya ghuba kutoka Beira, ilikuwa na mpango wa mto pia. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2000, kamati za vijiji zilifundishwa kusoma vipima mvua na vipimo vya kina cha maji, kisha kupeleka taarifa kwa redio kwenye vijiji vya chini ya mto. Ni kazi ya watu wa kujitolea na ni rahisi kuendesha, kwa hiyo hudumu. Ila katika tukio moja lenye upepo na maji, upepo hutangulia. Unakata mawasiliano, halafu mto ndiyo kwanza unaanza kupanda. Onyo la maji lilitegemea vitu ambavyo onyo la upepo lilishatabiri kuwa vitaanguka.

Maji yenyewe yalikuwa na historia. Mwanzoni mwa Machi mgandamizo mdogo wa hewa, uleule uliokuja kuwa Idai, ulizunguka Msumbiji na Malawi ukamwaga mvua, kisha ukarudi baharini kujichotea nguvu. Ardhi ilikuwa imeshiba. Idai ilipopanda milima ya mashariki mwa Zimbabwe, Chimanimani ilizolewa usiku wa tarehe 15. Makazi ya Kopa, mito miwili inapokutana, yalifutika. Kila tone lisilozama huko lilikuwa na njia moja, kuteremka Msumbiji. Mito ya Buzi na Pungwe ikavunja kingo na kuungana, na picha za setilaiti zikaonyesha ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 mahali palipokuwa mashamba na vijiji.

Watu walipanda mapaa, na paa liliposhindwa wakapanda miti. Wengi walikaa huko siku mbili, tatu, hata zaidi, na mtoto begani, wakinywa maji yaleyale yaliyowazunguka. Beira, kwa siku hizo za kwanza, haikuwa na hesabu ya kilichotokea. Filipe Nyusi, rais wa Msumbiji wakati huo, aliruka juu ya eneo hilo Jumatatu tarehe 18, na alipotua alisema waliokufa huenda wakapita 1,000. Hesabu rasmi ya siku hiyo ilikuwa 84. Pengo la takwimu hizo mbili ndilo kipimo cha giza lililokuwepo.

Helikopta zilikuja, na zilikuwa chache. Helikopta huona mbali na kufika popote, lakini hubeba watu wachache kwa kila safari na lazima irudi kujaza mafuta. Rubani analazimika kuchagua paa lipi kwanza, lipi liangushiwe biskuti lingoje. Mashua ya mvuvi ni kinyume. Haioni mbali, panga la injini yake hunaswa na mahindi yaliyozama na nyaya za umeme, lakini ikifika hupakia mpaka ukingo uguse maji. Wavuvi wa Beira na wa Buzi walivuka ghuba na kurudi na watu waliokwama, na ufuko wao ukageuka kituo cha mapokezi: mtu anashuka mashuani akiwa hana hata kiatu, anauliza kama kuna aliyemwona mkewe. Kwa kuwa simu zilikufa, mashua zilibeba habari pia. Baadaye wanajeshi wa majini wa India na waokoaji wa Afrika Kusini walitumia boti zao kwa namna hiyohiyo.

Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 Machi. Hapa kazi ilifanywa vizuri, na ni vema isemwe bila kigugumizi. Ndani ya juma moja dozi karibu 900,000 za chanjo ya kunywa zilifika, na kampeni ikaanza tarehe 3 Aprili. Kawaida ni dozi mbili kwa mtu. Wakaamua kutoa moja moja, ili wapate wengi haraka. Zaidi ya watu 800,000 walichanjwa kwa siku chache, na waliowafikia ni wahudumu wa kujitolea wa mitaa hiyohiyo, wenye kujua kichochoro kipi kina nyumba ngapi. Wagonjwa walipita 6,000. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni 8.

Msije mkadhani nasema kila cha mtaani ni chema. Yule yule anayejua nyumba ngapi ndiye huandika orodha ya mchele wa msaada. Aprili hiyo Human Rights Watch ilichapisha ushuhuda wa wanawake wa wilaya ya Nhamatanda: viongozi wa mitaa walidai fedha ili jina liingizwe, na asiyekuwa nazo alidaiwa mwili wake kwa mfuko wa chakula. Chanjo haikuwa na mlango huo, kwani kila aliyejitokeza alipewa. Msaada unaopita kwenye orodha ya mtu mmoja unampa mtu huyo mamlaka ambayo njaa inayazidisha.

Wiki sita baada ya Idai, Kimbunga Kenneth kilisogea kaskazini, hata wakuu wa Mtwara wakawaambia wananchi wa pwani wahame. Kikatua mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili. Siku tatu baadaye, upepo umeshalala, mitaa ya Pemba, ile ya Msumbiji, ilikuwa majini.

Familia nyingi za bonde la Buzi zilipewa viwanja Guara-Guara, ambako pameinuka kidogo. Januari 2021 Kimbunga Eloise kilipiga karibu na Beira na mto ukafurika tena. Viwanja viko juu. Mashamba yalibaki chini, kwenye udongo ulioletwa na mafuriko yaleyale, na asubuhi watu huteremka na majembe.