Ufundi wa Kuyataja Makundi

Miongoni mwa stadi za lugha zisizopewa heshima yake ni ile ya kutumia na kubuni nomino za makundi, yaani majina yanayotaja viumbe au vitu vingi kwa pamoja, kama vile tita la kuni, mkungu wa ndizi na bumba la nyuki. Kwa Kiingereza stadi hiyo ina historia ndefu: kitabu cha uwindaji kilichochapwa St Albans mwaka 1486 kiliyaorodhesha majina mengi ya namna hiyo, likiwamo la simba, ambao wakiwa kundini huitwa kwa neno lenye maana ya fahari. Mengi yalikuwa mapambo ya mabwana wawindaji kuliko zana za kazi.

Mwanafunzi wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye husomeshwa kwa Kifaransa na kukutana na Kiingereza kama somo la sekondari, akipewa orodha hiyo aikariri tu hunyimwa sehemu yake tamu, kwa kuwa jina jema la kundi huzaliwa na jicho lililotazama jinsi vitu vinavyokusanyika, na ufuko wa mji huo umejaa mikusanyiko. Ndagala, wale dagaa wa ziwa hilo, katika usiku usio na mwezi huufuata mwanga wa taa za wavuvi na kuuzunguka. Wakiisha kuinuliwa na wavu huwa mzigo mmoja unaometameta. Kukipambazuka hutandazwa mchangani wakauke. Kiswahili kina numbi kwa samaki waendao pamoja na mtungo kwa waliotungwa kambani, lakini ndagala ni wadogo mno kutungwa, na walioanikwa hawaendi popote. Hapo pana nafasi ya mbunifu, kwa lugha yoyote.

Ubunifu huo, hata hivyo, hufichua mahali aliposimama mbunifu. Waingereza huliita kundi la viboko kwa neno lenye maana ya kufura tumbo, mzaha unaomfaa atazamaye kutoka mbali. Mvuvi anayepita na mtumbwi karibu na mlango wa mto Ruzizi asingeuthubutu. Mwanafunzi wa huko angekuwa na haki ya kuchagua neno la Kiingereza la kizuizi cha barabarani, kile ambacho wenyeji hukiita bariyeri, kwa maana mbele ya viboko, kama mbele ya bariyeri, msafiri hungoja mpaka wenye njia waridhike.