Dust II: kambi hazifanani, lakini mchezo ni wa haki

Wenzangu, tukicheza Counter-Strike hakukosekanaka mmoja wa kulalamika: "Kambi yao iko nzuri kupita yetu!" Ni kweli. Dust II, ramani aliyoitengeneza Dave Johnston mwaka 2001, haikugawa sawa. Walinzi wanaanzia karibu na sehemu A na B. Wenye bomu wanatoka mbali. Ila kutoka upande wa wenye bomu, mdunguaji anaona milango ya katikati, na mlinzi anayekimbilia B lazima apite pale. Kila kambi ina dawa yake na kidonda chake.

Nuketown ya Call of Duty (2010) ni kinyume: nyumba mbili zinatazamana karibu kama kwenye kioo. Kwa macho, haki tupu. Lakini ni ndogo mno! Timu ikizidiwa kidogo inafungiwa uani, maguruneti yanaishukia mbele ipige hatua.

Siye wa agronomia tunajua mlima wa Bukavu hauna vipande viwili sawa. Ukilinganisha mbegu mbili, hupandi moja juu na ingine bondeni ukamaliza. Unarudia, unabadilisha nafasi. Counter-Strike ya mashindano inafanya vile: baada ya raundi 12 (zamani 15) timu zinabadilishana upande.

Sasa kuna mashindano ya mtaani yanayocheza nusu moja tu, "juu umeme utakatika", kisha yanatoa pesa ya watu kwa mshindi. Afazali mucheze raundi sita kila upande. Muda ni ule ule.