Vali ya Nafuu: Maoni juu ya Kijitabu cha Hita ya Maji

Tumeletewa kijitabu kinachouzwa pamoja na hita ya maji ya nyumbani, ile ya tangi inayotundikwa ukutani bafuni. Kimefasiriwa kwa Kiswahili ili mwenye nyumba aweze kuitunza hita yake mwenyewe. Jina la kampuni hatulitaji, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya kampuni moja tu. Twakipongeza kwa kuwapo kwake, maana vifaa vingi vya aina hii hufika madukani na maelezo ya lugha za kigeni tupu, na fundi bomba hubaki kubahatisha. Lakini mfasiri wa hadithi akikosea, msomaji hukosa utamu. Mfasiri wa kijitabu hiki akikosea, mtu huungua.

Jambo lililotufanya tushike kalamu ni vali moja ndogo. Hita ya namna hii hufungiwa vali, kwa kawaida kwenye bomba linaloingiza maji baridi, nayo hufunguka yenyewe kanieneo ndani ya tangi inapozidi. Katika ukurasa wa tatu vali hiyo inaitwa “vali ya usalama”. Katika ukurasa wa tano inaitwa “vali ya nafuu”. Katika mchoro imeandikwa “koki ya dharura”. Kitu ni kimoja! Asili ya hiyo “nafuu” twaikisia kwa urahisi: neno la Kiingereza lililotumika hubeba maana ya nafuu ya mgonjwa na pia maana ya kupunguza mzigo, na mfasiri akachukua ya kwanza iliyomjia.

Matokeo yake si ya kuchekesha. Onyo kuu la kijitabu kizima lasema: “Usizibe mdomo wa vali ya nafuu.” Msomaji anaitafuta vali ya nafuu katika mchoro, haioni. Anachokiona ni koki ya dharura inayodondosha maji, naye hufanya kama afanyavyo mtu yeyote mwangalifu akiona koki inavuja: humwita fundi aizibe. Hakuambiwa kwamba maji lita 100 yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za sentigredi huongezeka kwa lita moja na nusu hivi, na kwamba ongezeko hilo, likizuiwa kurudi bombani, lazima lipate pa kutokea. Kudondosha huko ni kazi ya vali, wala si ugonjwa wake. Vali ikizibwa, na kidhibiti joto nacho kikakwama, maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya kanieneo. Siku tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Ukuta wa bafu hauwezi kustahimili hayo.

Sisi tunapendekeza “vali ya kupumulia”. “Vali ya usalama” si kosa, ila yaeleza nia tu, haielezi kitendo. Na ndani ya hita fyuzi nayo ni ya usalama, waya wa ardhini nao ni wa usalama. Atakayesema kwamba maji hayapumui tunamkubalia, lakini mtu aliyeambiwa kuwa vali inapumua hatakuwa na haraka ya kuiziba.

Sehemu ya kulisafisha tangi imetupa taabu ya namna nyingine. Mfasiri ameandika “kuvuta maji ya hita”, maneno ambayo kwa msomaji wetu yana mahali pake pamoja tu, nako ni chooni. Penginepo ameandika “kuosha tangi”, kana kwamba mkono waweza kuingia humo. Lugha ina neno “kusukutua”: kinywa husukutuliwa kwa maji yanayotikiswa ndani na kutolewa, na ndivyo hasa lifanyiwavyo tangi. Hufungwa maji baridi, huunganishwa mpira kwenye tundu la chini, maji hutolewa, kisha maji baridi hufunguliwa kwa vipindi ili yakoroge mashapo, hadi yatoke meupe.

Hapo twakuta tatizo ambalo si la mfasiri peke yake, bali ni la Kiswahili chetu cha ufundi. “Funga vali” ni kuizuia isipitishe maji, au ni kuipachika mahali pake? “Fungua koki ya chini” ni kuitolea maji, au ni kuing’oa kwa spana? Kijitabu kinatumia vitenzi hivi viwili kwa maana zote nne, wakati mwingine katika sentensi moja. Tungependa koki ifunguliwe maji au ifungwe maji, skurubu ilegezwe au ikazwe, kifaa kipachikwe au kibanduliwe, umeme ukatwe au uwashwe, wala kitenzi kimoja kisiazimwe kwa kazi ya kingine. Kibaya zaidi, kijitabu kinasema: “Washa umeme baada ya kufungua maji.” Kufungua si kujaza. Tangi likiwa tupu, au nusu, koili ya kupashia huungua kwa dakika chache. Ingetosha kuandika: usiwashe umeme mpaka maji yatoke kwenye bomba la maji moto mfululizo, bila kukohoa hewa.

Kuhusu ule ufito wa magnesi unaoliwa na kutu badala ya tangi, na ambao hukaguliwa kila mwaka au miwili, mfasiri ameuita “fimbo ya sadaka”. Amekaribia. Kitolewacho ili balaa limpite mwingine ni kafara, na “ufito kafara” ni istilahi tunayoiunga mkono, ijapokuwa wako watakaoona ina harufu ya uganga.

Tunamsifu kwa “ukoko wa chokaa”. Mtu wa Unguja, ambako maji hutoka katika mawe ya matumbawe, haelezwi mara mbili ukoko ni nini. Ila angeutenga na mashapo: mashapo hutoka kwa kusukutua, ukoko umeshika na unataka siki au asidi nyepesi. Na badala ya “joto la wastani” angetaja nyuzi 60, maana chini ya 45 bakteria wa lejionela hustawi, na kwa 60 ngozi hubabuka kwa sekunde tano hivi, kwa hiyo maji hayo lazima yachanganywe kabla ya kumfikia mtoto.

Mafundi wa Tanga, Mombasa, Mbeya na Unguja watuandikie wanaiitaje ile vali. Ikiwa tayari ina jina, letu tutaliondoa.