Pongezi kwa REA

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2005, unastahili pongezi kwa kutambua kwamba mnyonge hukwama kwanza mlangoni. Gharama halisi ya nguzo, waya na mita ni kubwa mno kwa mkulima. Kumuunganishia umeme kijijini kwa shilingi 27,000 kumemwondolea kikwazo hicho. Kisha kuna bei: kundi la D1 la shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yasizidi yuniti 75 kwa mwezi. Taa, redio na simu huenea humo bila shida. Nani analipia unafuu wa wakala? Soma stakabadhi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla: asilimia 3 ya REA imo, na mwenye kiyoyozi huchangia zaidi kuliko mwenye taa mbili.

Wapo wanaosema ruzuku hii ya bei hupotea, kwani atumiaye umeme kidogo si lazima awe maskini. Ni kweli, na kasoro kubwa zaidi iko kwenye nyumba za kupanga: familia sita zenye mita moja huvuka yuniti 75 upesi, zikalipa bei ya matajiri. Lakini dawa yake ni kumpa kila mpangaji mita yake. Kukagua kipato cha kila kaya ili kumjua maskini kungehitaji makarani wengi, na makarani (tunawajua) hawakosi ndugu. Kipimo cha matumizi hakihongeki kirahisi.